Doa Jekundu Mlangoni kwa Gogo

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeibiwa mchana kweupe, na watu wakapiga makofi!

Niandike polepole nisije nikapasuka. Bosi katuita wote uani nyuma ya ofisi — walinzi wa zamu ya asubuhi, karani, dereva, mimi na shosti wangu. Eti kuna mabadiliko jiko la mbwa. Nikajua ni habari yangu. Nikajifuta mikono, nikajiweka sawa, maana ni mimi niliyewapikia mbwa wa kampuni hii tangu mabanda yakiwa mabati matupu. Kumbe! Bosi akasema shosti amemletea mpango wa kisasa. Kila mbwa na chakula chake, kila chakula na rangi yake: doa la rangi mlangoni, doa la rangi hiyohiyo kwenye bakuli. Hata mlinzi aliyeajiriwa jana hawezi kukosea. Huu ni ubunifu, akasema. Ubunifu!

Madoa yale ni yangu. Niliyabuni mimi, nimechuchumaa na kopo la rangi iliyobaki baada ya kupakwa geti, siku ile mlinzi alipompa mbwa wetu Meneja chakula cha mwenzake Bi Harusi na tumbo likajaa upepo mpaka tukadhani linapasuka. Na shosti alikuwepo. Alikuwa ananishikia kopo. Kazi yake yote kwenye ubunifu huo ni kushika kopo!

Nilimtazama Bosi anavyomsifu, nikamtazama yeye. Akatazama chini. Hakusema "hapana, ni wa mwenzangu." Alitazama viatu vyake kama bibi harusi anayetolewa mahari.

Mbwa wenyewe ni wanne, wakubwa kama ndama, na kila mmoja ana tumbo lake. Watu hudhani mbwa ni mbwa. Gogo ni mzee, figo zimechoka. Nyama nyingi kwake ni sumu. Daktari alishasema, figo za Gogo zikigoma kabisa hakuna dawa, ni sindano ya kumlaza moja kwa moja. Doa lake la buluu. Bi Harusi ananyonyesha watoto saba, wanamkamua kama nguo. Huyo ni nyama, mafuta, maini, na uongeze. Doa jekundu. Twiga bado anakua, miguu imemzidi umri; ukimshindilia, mifupa inakimbia na kupinda. Kijani. Meneja ni yule wa tumbo la gesi: apewe kidogo kidogo, kimeloweshwa, na akishakula asikimbizwe. Njano. Nimeyajua haya kwa kukosea na kurudia, nikichungulia vinyesi kila asubuhi kama mganga.

Na shosti ndiye niliyemfundisha! Alikuja hapa hajui kushika mwiko. Mpaka leo anaogopa mate ya mbwa, anavaa glavu hata kufungua komeo. Binti yake ananiita mama mkubwa. Asante ya punda mateke, wahenga hawakukosea.

Sasa yeye ni Mkuu wa Jiko. Hakuna kupika tena, ni chakula kikavu cha mifuko. Mimi nimepewa ufagio na toroli.

Kuanzia leo, ndani ya daftari hili, huyo si shosti tena. Ni Glavu. Na madoa yangu aliyoyameza atayatapika moja moja. Naapa.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza ya ufagio. Mgongo unaniuma, moyo unaniuma zaidi.

Mifuko imekuja. Minne. Ndani ni punje za kahawia, zote sawa, zote zinanuka boksi. Mimi naziita kokoto. Glavu kavaa miwani, anasoma maandishi ya mifuko, anaeleza: hii ya wenye figo, hii ya wanaonyonyesha, hii ya wanaokua. Nikampa kisogo. Sufuria zangu nimezipikia miaka, leo nianze kusoma kokoto? Kokoto ni kokoto tu.

Mabakuli yanatoka jikoni yamefunikwa kwa ajili ya nzi. Mimi nayapanga kwenye toroli, nayasukuma kuteremka mpaka mabandani, nayaingiza kwenye kidirisha chini ya mlango. Basi. Nilimkumbusha, kwa adabu kabisa, kwamba ya Meneja ilowekwe kwanza. Hata hakuinua macho. "Wewe weka bakuli kwenye rangi yake. Kazi yako siku hizi si kufikiri."

Karani alicheka. Yule karani mwenye meno kama vibonyezo vya piano alicheka!

Sawa. Nimesikia. Kazi yangu si kufikiri.

Baba watoto kaniuliza nikiwa namimina chai mbona naimwaga nje ya kikombe. Nikamsimulia yote. Yeye ni fundi baiskeli, hana haraka na jambo lolote. Akasema niombe kazi kwingine. Nikamwambia siendi kokote mpaka nilipize. Akaendelea na chai.

Jumatano, 5 Machi

Ya Meneja aliloweka. Alikuwa ameloweka tangu jana!

Na Meneja hajambi. Siku nzima nimefagia banda lake nikisubiri ile harufu yake ya kuua inzi — hakuna. Hata ushuzi wa Meneja umehamia upande wa Glavu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemfichia kijiko cha kupimia. Akapima kwa kikombe. Akapima sawasawa.

Nimekirudisha kijiko. Ujinga mtupu. Kisasi cha kijiko ni cha watoto.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu si Athumani! Leo kimejileta chenyewe, nami sikunyanyua hata kidole.

Jumamosi ya tarehe 22 anakuja mteja mkubwa, mwenye maghala. Anataka kuona mbwa kabla ya kusaini na kampuni. Kwa hiyo Bosi ameagiza mabanda yapakwe rangi. Kaja fundi rangi, mtu wa mzaha, kofia ya gazeti kichwani, anaimba nusu ya kila wimbo. Mpaka saa nne milango yote ya kijivu, inang'aa. Na madoa yangu yote yamefunikwa.

Akaja kwangu na makopo yake madogo. "Dada, pale palikuwa na rangi gani na pale?"

Nilikuwa na ufagio mkononi. Ulimi ulishaanza kujibu, tena kwa haraka, maana hayo ni madoa yangu na nayajua kama nijuavyo vidole vyangu. Halafu nikaumeza. Nikamwambia, "Mimi wa ufagio tu, kaka. Kamuulize Mkuu wa Jiko."

Akaenda kwenye dirisha la jiko. Glavu alikuwa ndani anapanga mifuko. Hata nje hakutoka! Alipiga kelele kutoka humohumo: "Yarudishe kama yalivyokuwa!" Fundi akajikuna chini ya kofia, akasema haya, akarudi na kichwa chake kilichojaa nyimbo nusu nusu. Twiga kijani — sawa. Meneja njano — sawa. Kisha mlango wa Gogo. Akachovya brashi kwenye nyekundu.

Nyekundu! Na buluu akaipeleka kwa Bi Harusi.

Nilisimama pale nikiangalia doa linavyojaa duara, zuri, limekaa katikati. Nikafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Rangi imekauka. Nimesukuma toroli kama siku zote. Bakuli jekundu kwenye doa jekundu, bakuli la buluu kwenye doa la buluu. Sikukosea hata moja. Nimefanya hasa nilivyoambiwa.

Gogo alipoonja kokoto za wanyonyeshaji masikio yalisimama. Mzee wa watu hajala utamu tangu mwaka juzi! Alilamba bakuli mpaka likagonga ukuta. Akanitazama — kuna nyingine? Nilicheka peke yangu.

Bi Harusi alikula zile za figo bila neno. Akamaliza haraka, akabaki anatazama kidirisha.

Siku moja mbili haziui mtu. Glavu atateremka, ataona, atapata aibu, Bosi atajua nani anajua mbwa na nani anajua kusoma mifuko. Ndiyo hesabu yangu. Roho imesuuzika leo, nimekula wali sahani mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Hateremki! Anakaa na mifuko yake huko juu, anaimba. Anaimba kabisa, na sauti yenyewe ya chujio.

Nimemsimulia baba watoto habari ya madoa, nikitarajia atacheka. Alikuwa anafunga pipa la mafuta ya mnyororo. Hakucheka. Akauliza, "Na Gogo amekukosea nini?"

Nikamwambia mambo ya kazini hayamhusu. Akasema kweli, hayamhusu, ila swali bado liko palepale. Nimelala nimegeukia ukuta.

Jumatano, 12 Machi

Gogo anakunywa maji kama gari bovu. Ndoo nzima asubuhi, nyingine mchana. Na anakunywa akikojoa, anakojoa akinywa. Na nani anayedeki? Mimi! Mikojo ya kisasi changu naideki mimi mwenyewe, magoti chini, huku Glavu yuko dirishani na kikombe cha chai.

Huku kwa Bi Harusi watoto wanalia. Si ile kelele yao ya kugombania chuchu, ni kilio chembamba, kirefu, kinachochosha. Mama yao amelala ubavu, amewapa vyote alivyo navyo, na vyote havitoshi. Mbavu zimeanza kuhesabika.

Glavu hatimaye ameteremka. Alisimama mbali na mlango wa Bi Harusi, glavu mpaka kwenye viwiko, akachungulia watoto. Uso ulimbadilika. Akapanda mbio jikoni akarudi na chupa ya maziwa ya mtoto mchanga. Kale kadogo kuliko wote alikachukua mapajani, akakanywesha. Hakutazama mlango. Alitazama mtoto tu. Doa liko nyuma ya kichwa chake, la buluu, kubwa kama sahani, hakuliona!

Nilitaka kucheka. Kicheko hakikuja vizuri.

Lakini siwezi kumwonea huruma, siwezi. Mbele ya Bosi hakunionea.

Alhamisi, 13 Machi

Amekuja kwangu leo! Mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka stoo ya mifagio.

Nilikuwa nakamua mopu. Akasimama mlangoni, anavuta vidole vya glavu kimoja kimoja. "Shosti," akasema. Shosti! Nikaendelea kukamua. "Bi Harusi hatoi maziwa. Na Gogo sielewi. Napima kama ulivyonifundisha. Hebu niambie, umeona chochote huko?"

Sikuwahi kuonja kitu kitamu kama hicho. Nilikiacha kwanza kiyeyuke mdomoni. Kisha nikamwambia, bila kuinua macho, kama yeye alivyofanya: "Mimi kazi yangu siku hizi si kufikiri."

Akasema, "Tusinuniane mbele ya wanyama, tafadhali. Wanatutegemea."

"Wanakutegemea wewe. Wewe ndiye mbunifu."

Machozi yalimjaa. Niliyaona, sikuyafuta. Akaondoka bila kufunga mlango.

Nimeandika kila neno ili nikizeeka nisome tena. Ila mbona chakula cha jioni kimekuwa na ladha ya majivu?

Ijumaa, 14 Machi

Gogo katapika. Kisha hakutaka kula kabisa. Gogo! Ambaye Jumamosi alilamba bakuli mpaka ukutani.

Niliingia bandani na mopu. Hakuinuka. Alijikokota tu mpaka nilipo, akaweka kile kichwa chake kizito juu ya buti langu, akafumba macho. Mdomo unanuka kama dawa ya choo. Naijua harufu hiyo. Daktari alisema tukiisikia tujue figo zinalia.

Nikakaa chini kwenye maji machafu. Nikamkuna nyuma ya sikio, pale anapopapenda. Nikamwambia mzee wangu, ugomvi huu si wako.

Nimeamua. Kuanzia kesho nabadilisha mwenyewe, mlangoni, kimya kimya. Bakuli la buluu nampa Gogo, doa linasema hivyo au halisemi. Bakuli jekundu nampa Bi Harusi. Kwa hiyo mbwa watapona.

Glavu simwambii. Sijamsamehe hata punje. Acha doa likae palepale lilipo. Tarehe 22, mteja akiwa hapa, Bosi kavaa tai, nitanyoosha kidole: jamani, tazameni milango, Mkuu wenu wa Jiko hajui mbwa yupi ni yupi, ni mimi wa ufagio niliyewaokoa. Mbele ya watu nilivuliwa, mbele ya watu nitavishwa. Kisasi kipo, mbwa wapo. Hakuna anayepoteza ila anayestahili.

Jumamosi, 15 Machi

Nimebadilisha. Hakuna aliyeona. Bakuli la buluu chini ya mlango wa Gogo, alikula robo. Jekundu kwa Bi Harusi, alimaliza yote.

Kokoto ni zilezile za kahawia, ukitazama hujui ipi ni ipi, lakini rangi ya bakuli haidanganyi. Rangi ni zangu. Nimetembea leo kichwa juu.

Glavu alikuwa dirishani, ananitazama ninavyoondoka na toroli. Leo haimbi. Uso wake umelegea kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Sijui ametua mzigo gani. Nisijali.

Jumatatu, 17 Machi

Gogo hajapona.

Sumu haitoki mwilini kwa siku mbili, najua. Mtu akilewa wiki nzima haamki mzima kesho yake. Nampa muda.

Watoto wa Bi Harusi bado wanalia.

Jumanne, 18 Machi

Hajapona! Leo Gogo hajafika hata kwenye ndoo, nimemnywesha kwa kiganja. Na Bi Harusi badala ya kunenepa anakonda. Nampa jekundu! Mara tatu kwa siku jekundu, na anakonda!

Ni hizi kokoto. Ni mbovu. Mifuko imeoza, au zimetiwa vumbi la mbao, au Glavu kanunua za bei ya kutupa. Nimechukua punje nikatafuna. Ladha ya boksi. Nikatafuna nyingine kutoka bakuli lingine. Boksi lilelile.

Baba watoto kasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Hakusema kwa ubaya, alikuwa ananisugua mgongo kwa mafuta. Lakini alisema. Nikamwambia nimesharekebisha, kwa hiyo si mimi tena. Akauliza nimemwambia nani kwamba nimerekebisha. Nikamwambia asugue vizuri upande wa kushoto.

Jumatano, 19 Machi

Glavu kamwita daktari. Kesho asubuhi. Hakusubiri ruhusa ya Bosi, alipiga simu mwenyewe, nimemsikia. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka.

Vizuri. Kwa nini nisubiri Jumamosi? Nitasema kesho, mbele ya daktari na Bosi. Nimejipanga maneno nikifagia. Nitaanza kwa upole.

Gogo amelala tu. Nimemwekea gunia safi.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa stoo ya mifagio. Nimefunga kwa ndani. Daktari yuko kwa Bi Harusi, anamalizia huko kwanza. Akimaliza huko anarudi kwa Gogo.

Niandike ilivyokuwa.

Tulikuwa wote bandani kwa Gogo. Bosi kaziba pua na leso. Glavu kasimama kwenye kona. Daktari, mama mmoja mfupi wa sauti nzito, alimbonyeza Gogo tumbo, akafunua fizi, akanusa mdomo, akatikisa kichwa. Akauliza mbwa huyu anakula nini. Nikaona saa yangu imefika. Nikasahau kabisa kwamba nilipanga kuanza kwa upole.

Nikatoka mpaka mlangoni, nikaupiga kofi. "Tazameni hili doa! Jekundu! Tangu lini Gogo akawa mwekundu? Mkuu wa Jiko hajui milango yake! Mzee wa figo kalishwa chakula cha mama mwenye watoto, na mama kalishwa cha figo!"

Bosi alitoa leso puani. Alimgeukia Glavu taratibu. Wiki mbili nimeishi kwa ajili ya uso ule wa Bosi. Nikautazama wote, sikubakiza.

Glavu akasema, polepole, "Ni kweli. Nilikosea."

Akaendelea. "Fundi alipaka vibaya na mimi sikutoka kuangalia. Niliona Ijumaa iliyopita. Niliogopa kusema, na mteja anakuja, na..." Akanitazama mimi. "Na hatuzungumzi. Nikaona nisiguse milango, nirekebishe jikoni. Tangu Jumamosi bakuli jekundu natia ya figo. La buluu natia ya mama. Ili kila bakuli likienda kwenye doa lake, mbwa apate chakula chake."

Tangu Jumamosi.

Sikuelewa mara moja. Nilisimama na mkono bado uko mlangoni. Kisha nikaelewa. Jumamosi! Siku ileile! Yeye kageuza kule, mimi nikageuza huku. Gogo hajapumzika hata mlo mmoja. Kila asubuhi mimi, kwa mkono huu, nilichukua bakuli alilotiliwa dawa yake nikampa Bi Harusi. Sumu nikamwekea Gogo. Tena nikamkuna sikio.

Daktari alikuwa anahesabu. Akasema, kwa hiyo alikosewa wiki moja tu, halafu siku zote hizi amekula sawasawa? Glavu akasema ndiyo, nina hakika, napima mwenyewe. Daktari akavua kifaa chake masikioni. Akasema ingekuwa bado anakula vibaya, angemtundikia maji na kubadilisha chakula, huenda figo zingeamka. Amewahi kuona wakongwe kuliko huyu wakiamka. Lakini mbwa aliyekula sawa siku zote hizi na bado hali ndiyo hii, huyo figo zimekwisha. Kumwacha ni kumtesa.

Bosi akauliza, sindano? Daktari akasema sindano.

Wote walinyamaza kwa heshima. Mimi pia nilinyamaza! Mdomo uliokuwa unapiga kelele dakika ileile, ulifunga kama komeo. Glavu alikuwa analia bila kuficha, anasema ni mimi, ni mimi nimemuua. Nami nikamwachia aseme.

Bosi aliponipita mlangoni alinipiga begani. Akasema nilikuwa sahihi kuhusu doa, na kesho niende ofisini kwake. Kuhusu jiko. Kuhusu jiko!

Kwa hiyo nimepata. Nimepata kila nilichoapia. Nikikaa kimya humu stoo mpaka daktari amalize, kesho sufuria ni zangu na madoa ni yangu, na yeye ataondoka na glavu zake akiamini mpaka kufa kwamba ni yeye.

Nikisema, ni mimi nitakayeondoka. Si kwa ufagio, kwa geti. Maana nitaanza kueleza kutoka wapi? Kutoka Jumamosi? Watauliza, kwa nini ulibadilisha kimya kimya? Kwa sababu niliona doa. Uliliona lini? Ijumaa, linapakwa. Nilikuwa nimeshika ufagio, nikatabasamu.

Gogo hajui lolote. Alipoona miguu mingi alitikisa mkia, mara moja, kwa adabu.

Nasikia komeo la Bi Harusi linafungwa. Daktari anaongea na Bosi, anauliza nani atamshika kichwa ili asishtuke. Glavu anasema yeye hawezi.

Bosi ananiita. Anasema nije mimi nimshike, ndimi mtu ambaye Gogo anamwamini.

Ananiita tena. Nimeitika. Nimesema nakuja, nakuja, subirini kwanza, msimguse —